Usono si ndugu wa Uhehe: jibu kwa walimu wa Mafinga

*"Shikamoo mwalimu. Nafundisha Jiografia sekondari hapa Mafinga. Mdogo wangu alikuwa anafanya kazi hotelini Arusha Agosti 2024, wakati Waesperanto wa dunia walipokutana pale, akaniletea ramani ya dunia iliyoandikwa kwa lugha yao. Marekani imeandikwa Usono. Mwenzangu wa Kiswahili anaapa kwamba hiyo U ni ya kwetu, kama ya Uhehe na Ubena. Wa Kiingereza amefungua kamusi ya Kiesperanto kwenye simu, amekuta sono ni sauti, basi kwake Usono ni nchi ya sauti. Ofisi ya walimu imegawanyika na chai imepoa. Tuamulie."*

Marahaba, mwalimu. Chai ipasheni tena, maana jibu hili lina kona kama za Kitonga.

Nianze na hukumu ili msibaki mmening'inia: wote wawili wamekosa, ila hawajakosa sawasawa. Wa Kiingereza kakosa kabisa. Wa Kiswahili kakosea mlango, lakini nyumba anayoitafuta ipo, na nitamwonyesha mbele ya safari.

Ni rahisi kuelewa kwa nini masikio yake yalishtuka. Kiesperanto husomwa kama kinavyoandikwa, kina irabu tano zilezile zetu, na mkazo unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho bila ubishi: u-SO-no, kama unavyosema ki-TA-bu. Lugha yenyewe ilitungwa na daktari wa macho, Ludwik Zamenhof, aliyezaliwa Białystok mwaka 1859. Kitabu cha kwanza alikitoa Warszawa mwaka 1887 akijiita Doktoro Esperanto, yaani daktari anayetumaini. Jina la bandia likageuka jina la lugha. Maneno aliyachota Ulaya, akayafunga kwa kanuni chache, na mojawapo ni kwamba kila nomino iishie na o. Kwa hiyo jina lenye u mbele, o katikati na o mwisho likipita kwenye sikio la mtu wa Mufindi, linabisha hodi kama mtoto wa nyumbani.

Sasa mpimeni mtoto huyo. U yetu ya nchi haikai peke yake. Inakaa na M na Wa. Ukisema Uhehe, nyuma yake yupo Mhehe na wapo Wahehe. Ubena ina Wabena, Usangu ina Wasangu, Ukinga ina Wakinga, na kule kwetu Rungwe Unyakyusa ina Wanyakyusa. Ng'oa U, pachika M, akitokea mtu aliye hai basi U ile ni ya nchi. Asipotokea, una U nyingine. Hata hapa nyumbani kipimo hiki kinawakamata wengi. Ukitoka Mbeya mjini kuelekea Tukuyu unapita Uyole, na katika miaka yangu yote sijapata kusikia mtu akijitambulisha kwamba yeye ni Myole.

Haya, Usono. Kwa Kiesperanto mtu wa Marekani haitwi sono wala msono. Anaitwa *usonano*. Mzizi ni *uson-*, kisha *-an-* inayoonyesha mwanachama au mkazi wa mahali, kisha o ya nomino. U haikung'oka. Imo ndani ya mfupa. Na hapohapo nchi ya sauti nayo inaanguka, kwa sababu *sono* ni sauti kweli, lakini Kiesperanto hakina kiambishi *u-* cha kutanguliza mbele ya jina kikazaa nchi. Huwezi kukata neno mahali ambapo lugha yenyewe hailikati.

Mwenzako wa Kiingereza asione haya. Mimi nimewahi kufanya kosa baya zaidi, tena ubaoni, tena kwa chaki ya rangi. Nilipokuwa mwalimu kijana Mbeya, mwanafunzi aliniuliza maana ya Soweto, ule mtaa wetu ambao makondakta wa daladala wanauimba pamoja na Mwanjelwa na Kabwe. Nikalikatakata: so, we, to. Nikasema ni neno la Kisotho, nikatoa na maana yake, maana ambayo leo sithubutu kuiandika. Jioni nilipita kwa mzee mmoja jirani, mtu wa Rungwe aliyewahi kwenda Wenela, kufanya kazi kwenye migodi ya dhahabu Johannesburg. Nikamsimulia kwa kiburi. Akanyamaza kidogo, akasema: "Mimi nimetoka Joni mwaka hamsini na tisa. Orlando naijua, nimelala pale. Soweto hapakuwa na mahali panaitwa hivyo."

Mzee hakuwa na shahada, lakini alikuwa na tarehe, na tarehe iliniua. Jina Soweto la kule Johannesburg liliwekwa mwaka 1963. Ni vipande vya maneno ya Kiingereza, South Western Townships, vilivyounganishwa vikatoa neno linalofanana na la Kibantu kuliko maneno mengi ya Kibantu. Na wala sikuona mzaha uliokuwa mdomoni mwa mzee mwenyewe: Wenela nayo si neno la kabila lolote. Ni herufi W, N, L, A, za chama cha kuandikisha vibarua wa migodini, Witwatersrand Native Labour Association, zilizolainishwa na ndimi za watu waliokuwa wakipanda gari kwenda huko.

Usono ni wa ukoo huo.

Chukueni karatasi, mwalimu, ninyi wote watatu. Andikeni United States of North America. Jina hilo lenye "North" leo halitumiki, lakini zamani lilikuwepo. Limo hata kwenye mkataba wao na Ufaransa wa mwaka 1778. Okoteni herufi ya kwanza ya kila neno: U, S, O, N, A. Sasa Kiesperanto kinadai nomino iishie na o, basi A ya mkiani inapisha, o inakaa. Usono. (A hiyo hurudi ukitaka sifa, kwa kuwa sifa za Kiesperanto huishia na a: dola ya Kimarekani ni *usona dolaro*. Lakini imerudi na kazi nyingine, kama mtu aliyestaafu ualimu akarudi shuleni kuuza maandazi.)

Angalieni herufi ya tatu, hiyo o ya katikati, kwa sababu ndiyo shahidi wangu mkuu. Imetoka kwenye *of*, kijineno cha Kiingereza. Jina hilohilo mkiliandika kwa Kiesperanto chenyewe mnapata *Unuiĝintaj Ŝtatoj de Nord-Ameriko*. Herufi zake za kwanza ni U, Ŝ, D, N, A. Hiyo Ŝ husomwa "sh", na mahali pa o imekaa D ya *de*. Jina lingetungwa humo ndani lingetoka kitu kama Uŝdno, ambacho hata ng'ombe wa Usangu asingekitamka. Kwa hiyo malighafi ni ya Kiingereza, na kiwandani kwa Waesperanto lilibandikwa mkia tu.

Tarehe nazo zinakubali. Mwaka 1903 mwandishi mmoja wa Marekani, James Duff Law, alikuwa tayari anapendekeza neno Usonian, akisema si haki watu wa nchi yake kujiita Waamerika peke yao wakati Wakanada na Wameksiko nao wanaishi Amerika hiyohiyo. Mwaka 1910 Waesperanto walifanya kongamano lao la dunia Washington, na Zamenhof mwenyewe akiwa jukwaani akalitumia neno Usono. Baadaye mchoraji wa majengo Frank Lloyd Wright akaliita Usonian lile kundi la nyumba zake za watu wa kipato cha kawaida, kuanzia miaka ya 1930; ile ya Madison, Wisconsin, ya mwaka 1937, ndiyo husemwa sana. Wright alidai neno amelipata kwa Mwingereza Samuel Butler. Waliopekua maandishi ya Butler hawakulikuta. Nawatajia hilo ili mjue kwamba hata mtu mwenye jina kubwa akikupa asili ya neno, unashukuru, kisha unakwenda kulipekua mwenyewe.

Sasa kwa nini walijisumbua? Wangeweza kuiita nchi ile Ameriko wakamaliza. Lakini *Ameriko* kwa Kiesperanto ni bara, lile lililopewa jina la Amerigo Vespucci na wachora ramani wa Ulaya mwaka 1507. *Amerikano* anaweza kuwa Mperu, Mbrazili au mtu wa Kanada. Walitaka jina la dola peke yake. Na hapa Kiswahili kinastahili sifa ambayo sioni watu wakikipa: sisi nasi tuna majina mawili. Amerika ni bara, Marekani ni nchi. Mwingereza akisema "American" lazima uangalie anaelekea wapi. Kwetu Amerika Kusini na Marekani hazigongani.

Tofauti ni kwamba Waesperanto walikaa wakafikiri, sisi tulivaa nguo. Meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikileta Zanzibar pamba nyeupe ngumu isiyotiwa rangi, zikiondoka na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na mwaka 1837 balozi wao mdogo akafungua ofisi Unguja. Kitambaa kikaitwa merikani au marekani, kikapanda bara na misafara, kikawa fedha: mahari, hongo ya kupita, ujira wa wapagazi, vyote vilipimwa kwa mikono ya marekani. Hata vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipokata pamba ya huko, na vitambaa vya viwanda vingine vikashika soko, watu waliendelea kukiita marekani. Bibi yangu alikuwa na kipande sandukuni. Ukimwambia Marekani ni nchi alikuwa anakubali kwa adabu, lakini yeye aliyoijua ilikuwa inakatwa kwa mkasi.

Na tazameni tena: Marekani haina U. Kwa kanuni tuliyoanza nayo, Mmarekani, Wamarekani, nchi ingepaswa kuwa Umarekani. Neno hilo lipo, lakini ni tabia au uraia, mambo ya kuiga mavazi na matamshi. Nchi imekataa kuvaa U. Kiesperanto nacho kina kanuni yake ya kutaja nchi, na Usono imekataa kuivaa. Hapo sasa ndipo nyumba ambayo mwenzako wa Kiswahili alikuwa anaitafuta, ila yeye alibisha mlango wa mbele, na kumbe mlango uko nyuma.

Kiesperanto kina kiambishi *-uj-*, na j yao ni y yetu, kwa hiyo *-ujo* isomeni "uyo". Maana yake ya asili ni chombo cha kutilia kitu. *Mono* ni pesa, *monujo* ni pochi. *Sukero* ni sukari, *sukerujo* ni kile kibakuli cha sukari hapo mezani kwenu. Zamani hata mti uliitwa kwa matunda yake: *pomo* ni tufaa, yale wauza matunda wa Njombe wanayaita epo, na *pomujo* ulikuwa mti wake, siku hizi wengi husema *pomarbo*. Sasa *germano* ni Mjerumani. Mtie kwenye chombo chake unapata *Germanujo*, Ujerumani. Mturuki ni *turko*, nchi *Turkujo*. Mrusi ni *ruso*, nchi *Rusujo*. Mgiriki *greko*, *Grekujo*.

Yasomeni sambamba: Turkujo, Uturuki. Rusujo, Urusi. Grekujo, Ugiriki. Svisujo, Uswisi. Hispanujo, Uhispania. Belgujo, Ubelgiji. Sisi tunaanza na mtu, tunambandika U mbele, tunapata nchi. Wao wanaanza na mtu, wanambandika ujo nyuma, wanapata nchi. Fikra ni moja kabisa: watu kwanza, ardhi baadaye, ardhi ikiwa ni pale walipo. Mbeya tuna mtaa wa Uhindini, na mtu aliyeutaja hivyo mara ya kwanza alifanya kazi ileile iliyofanywa na aliyetunga *Hindujo*, jina la zamani la India katika Kiesperanto: akamchukua Mhindi, akamtengenezea mahali.

Ingia Kanada, Brazili, Meksiko, Australia, na lugha zote mbili zinageuka. Kwetu hakuna Ukanada wala Ubrazili. Kwao ni *Kanado*, *Brazilo*, *Meksiko*, *Aŭstralio*, na mtu ndiye anayetokana na nchi: *kanadano*, *brazilano*. Mantiki ya karne ya 19 ilikuwa kwamba nchi za dunia ya kale ni za kabila au taifa fulani lenye jina, na nchi za ng'ambo ya bahari zimejaa watu wa kila namna waliohamia, hivyo ardhi ndiyo inayowapa jina. Unaweza kubishana na mantiki hiyo, na nadhani unapaswa, lakini ndiyo iliyochora ramani aliyoleta mdogo wako. Mstari wenyewe haukunyooka; Uholanzi ina U kwetu, wao wanasema *Nederlando* na mtu wake *nederlandano*, wakati Waholanzi hawajawahi kuhamia kokote kabla ya kuwa Waholanzi.

Inawezekana kwenye ramani yenu hamkuona *-ujo* hata moja. Waesperanto wengi leo wanapendelea *-io*: Germanio, Turkio, Rusio. Wanaona inafanana zaidi na majina ya kimataifa, na pengine wamechoka kuambiwa nchi zao ni mabakuli. Hapo mjihadhari na mtego mmoja unaotuhusu. Tanzania kwa Kiesperanto ni *Tanzanio*, na mwanafunzi mwepesi ataona *-io*, ataing'oa kama kwenye Germanio, atapata mtu aitwaye *tanzano*. Hapana. Sisi ni *tanzaniano*. Hiyo i ni ya kwetu, imo kwenye mzizi.

Tena Tanzania ndiyo ndugu wa kweli wa Usono kuliko Uhehe. Muungano ulikuwa tarehe 26 Aprili 1964. Jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania lilikuja Oktoba mwaka huohuo, likiunganisha Tan ya Tanganyika na Zan ya Zanzibar. Hakukuwa na Watanzania kwanza kisha nchi ikaitwa kwao. Vipande viliokotwa, vikashonwa, na watu wakapewa jina baada ya nchi. Nanyi wa Mafinga mkipanda mpaka Makambako mnakuta stesheni ya Tazara, neno la ukoo huohuo, herufi za mamlaka ya reli ambazo mtoto wa pale anazitamka kama jina la shangazi yake.

Kabla hamjafunga mjadala, mwambie mwenzako wa Kiswahili airudie ramani. Aache Marekani, aje juu ya Ziwa Viktoria. Ataona *Ugando*. Wenyeji husema Buganda, na mtu ni Muganda. Umbo la U lilitoka midomoni mwa watu wa misafara waliokuwa wakisema Kiswahili, wale waliowaongoza akina Speke, mpelelezi Mwingereza aliyefika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1862. Kwenye ramani zake Speke aliandika Uganda, Usoga, Unyamwezi, kama alivyosikia njiani. Waingereza wakaitangaza himaya yao mwaka 1894 kwa jina hilohilo. Jirani zao wa Urundi walirudisha B yao walipopata uhuru mwaka 1962, wakawa Burundi. Uganda ikabaki na U ya pwani. Waesperanto wakalichukua lilivyo, wakabandika o, na mtu wake wanamwita *ugandano* bila kujua kwamba wamebeba M-Wa-U yetu nzima ndani ya neno.

Kwa hiyo U ya Kiswahili kwenye ramani ile ipo. Mpe nusu alama, na nusu chapati.